Pua Huanzia Kwenye Mfuniko

Mteja akisimama mbele ya meza ya mishumaa ya manukato, iwe kwenye maonyesho ya wajasiriamali au katika duka la zawadi, mkono wake hufanya jambo lile lile. Hushika chupa, hufungua mfuniko, kisha huugeuza mfuniko na kuupeleka puani. Mshumaa wenyewe unabaki mezani ukisubiri zamu yake. Akiridhika ndipo anapoinama kuunusa, na mara nyingine hainami kabisa. Ameshauliza bei.

Mteja huyo hajakosea. Manukato yaliyochanganywa na nta hayatulii. Sehemu yake nyepesi hupaa polepole hata kama utambi haujawahi kuguswa na kiberiti, ikafika kwenye mfuniko na kukwama hapo. Ule upenyo mdogo kati ya nta na mfuniko hugeuka ghala la harufu, na anayefungua hukutana na harufu iliyojikusanya kwa siku kadhaa.

Kwa kawaida fundi wa mishumaa hutia gramu 6 hadi 10 za mafuta ya manukato kwa kila gramu 100 za nta. Wanaotumia nta ya soya huuacha mshumaa ukae wiki moja au mbili kabla ya kuuza, ili nta na manukato vishikane. Ukikaa wazi muda wote huo, uso wake unapoteza harufu na kuokota vumbi, unyoya wa kuku na mbu aliyekosea njia. Mwenye kutunza udi nyumbani hahitaji kuelezwa haya. Kopo la udi likisahauliwa wazi kabatini, nguo zitanukia mwezi mzima, lakini siku ya harusi chetezo kitatoa moshi zaidi ya harufu.

Pamoja na hayo, wengi wanaoanza biashara hii huchagua mfuniko mwisho kabisa. Nta wameijaribu mara kumi, tambi wamezipima, lebo imechorwa na kijana mwenye kompyuta. Kisha wanaenda sokoni kutafuta "kitu cha kufunikia". Hapo ndipo hasara inapoanza, na huanzia kwenye hesabu.

Chupa nyingi zenye mdomo mpana zina hesi, yaani mistari ya mzunguko inayoshika mfuniko unapozungushwa. Umbo hilo lina historia yake. Katikati ya karne ya 19, familia za Marekani zilizohifadhi matunda kwa ajili ya majira ya baridi zilifunga chupa kwa kifuniko cha bati, kisha zikamwagia lakiri ya moto pembeni ili hewa isipite. Kazi hiyo ilichafua jikoni na kuunguza vidole, na kila kufungua kulimaanisha kubandua lakiri kwa kisu. Tarehe 30 Novemba 1858, fundi bati mmoja aliyeitwa John Landis Mason, mwenye umri wa miaka 26, alipata hataza ya chupa ya kioo yenye hesi shingoni na mfuniko wa kuzungusha. Lakiri ikakosa kazi. Mason mwenyewe hakuneemeka sana: hataza ikaisha muda, viwanda vingine vikatengeneza chupa zake kwa mamilioni, naye akafariki mwaka 1902 akiwa maskini. Hadi leo Wamarekani huziita chupa hizo kwa jina lake, na mafundi wa mishumaa wanazipenda. Kwa hiyo chupa iliyobuniwa ili watu waachane na nta ya kuzibia imerudi kujazwa nta hadi shingoni.

Mfuniko wa kwanza wa Mason ulikuwa wa zinki, na chakula kilichougusa kilipata ladha ya chuma. Mwaka 1869 Lewis Boyd akapata hataza ya kuweka kisahani cha kioo cheupe ndani yake. Mwaka 1915 Alexander Kerr akaleta kisahani bapa cha bati chenye mpira mwembamba pembeni, kinachobanwa na pete ya hesi. Huo ndio mfuniko wa vipande viwili unaoonekana kwenye picha nyingi za mishumaa ya "kijijini". Ni mzuri kwa macho. Kwa mtu anayewasha na kuzima mshumaa kila jioni, unachosha: pete huku, kisahani kule, na mwisho wa wiki kimoja kimeshapotelea chini ya kochi.

Turudi kwenye hesabu. Fundi anapima mdomo wa chupa yake, anapata milimita 70, anaagiza mifuniko mia mbili ya 70. Inafika, na hakuna hata mmoja unaokaa. Muuzaji hakudanganya. Namba 70 ni kipenyo tu, haisemi lolote kuhusu hesi. Ipo mifuniko ya hesi ndefu inayozunguka shingo yote, ambayo viwandani huandikwa 70-400, ambapo namba ya pili inaeleza aina ya hesi. Chupa za Mason za mdomo wa kawaida hutumia 70-450, na hesi yake ni nyingine. Halafu ipo mifuniko ya meno, kama ile ya chupa za jamu na asali, ambayo hufunga kwa robo mzunguko tu kwa sababu ina vijimeno vinne au sita vinavyoingia chini ya vipande vifupi vya hesi. Hiyo nayo ina saizi ya 70, pamoja na 63 na 82. Kwa hiyo aina tatu za mifuniko zinaweza kubeba namba moja na zisivaane hata kwa kulazimishwa.

Dawa yake ni rahisi kuliko maelezo yake. Anayekwenda Kariakoo au Gikomba kutafuta mifuniko aibebe chupa yenyewe mkononi, afunge, afungue, aitikise, na kabla ya kulipia ajaribu mifuniko mitano au sita kutoka sehemu mbalimbali za boksi. Picha ya simu haitoshi.

Mfuniko unaopendwa kuliko yote siku hizi ni wa mbao au mianzi. Unakaa juu ya gilasi nyororo isiyo na hesi, una pete ya silikoni chini, na unaifanya chupa ya bei ndogo ionekane imetoka katika duka la kifahari. Lebo ikichomwa juu yake kwa leza, mteja haulizi tena kilichomo ndani. Mifuniko mingi ya mianzi inayouzwa ulimwenguni hutoka China. Ile ya mbao inaweza kukerezwa na fundi seremala yeyote mwenye mashine ya kukereza, na vipande vya mninga au mvule vilivyosalia kutoka kwenye milango hutoa mifuniko ambayo ni aibu kuiweka kwenye mshumaa wa bei ya kutupa.

Matatizo yanayoletwa na mbao hufichwa na huo uzuri. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na inapofanya hivyo hubadilika ukubwa. Hubadilika upande mmoja zaidi ya mwingine: kufuata urefu wa nyuzi haisogei karibu kabisa, lakini kukata nyuzi hutanuka na kusinyaa kwa kiasi kinachoonekana. Mfuniko uliokerezwa duara kamili huweza kuwa yai baada ya miezi mitatu. Uliotengenezwa Arusha au Nairobi wakati wa kiangazi, ukaletwa Unguja wakati wa masika, utavimba na kung'ang'ania mdomo wa gilasi mpaka mteja auvute kwa meno. Uliotengenezwa Unguja ukapelekwa bara utasinyaa, pete yake ya silikoni ikabaki ikipumua, na harufu ikatoka taratibu bila mtu kujua.

Fundi anayeng'ang'ania mbao, na wapo wenye sababu nzuri, hufanya mambo matatu. Hukausha mbao vizuri kabla ya kukereza. Hupaka vanishi pande zote mbili, kwa sababu mfuniko uliopakwa juu peke yake hunywa unyevu kwa chini na kujikunja kama kisahani. Huacha nafasi ya kutosha ili kazi ya kubana ifanywe na silikoni, si mbao. Vanishi nayo ijaribiwe kwanza, maana baadhi ya aina hulainika zikikutana na mafuta ya manukato na kuacha mfuniko ukinata vidoleni. Kuna pia ukungu. Katika nyumba ya pwani yenye madirisha yaliyofungwa, sehemu ya chini ya mfuniko wa mianzi isiyopakwa kitu huweza kuota madoa meusi kabla mshumaa haujauzwa.

Chuma hakina maringo hayo, ila kina adui wake. Mifuniko mingi ya rangi ya dhahabu, fedha au nyeusi ni ya bati, yaani chuma kilichopakwa tabaka jembamba la stani, kisha rangi. Ikikwaruzwa ukingoni, mahali pa kwanza kabisa ambapo vidole hushika, chuma kinakutana na hewa ya chumvi na kutu inaanza. Kwa mtu wa Tanga, Lamu au Mombasa, hilo ni suala la majuma. Mifuniko ya alumini haishiki kutu nyekundu, ingawa nayo ikikaa karibu na bahari huweza kupata vidoa vyeupe. Tofauti ya viwili hivyo haionekani kwa macho, kwa kuwa vyote hupakwa rangi ile ile. Njia nyepesi ya kuvipambanua ni sumaku. Sumaku ya kubandika kwenye friji hushika bati, lakini kwenye alumini huteleza na kuanguka. Mnunuzi anayetoa sumaku mfukoni mbele ya rundo la mifuniko huchekwa kidogo, na hupunguziwa bei pia.

Kinachosahauliwa kwenye chuma ni bitana, yaani lile tabaka la ndani linalokutana na mdomo wa chupa. Huwa ni povu laini, karatasi iliyoshindiliwa au plastiki laini iliyomwagwa kama pete. Bitana ndiyo inayozuia harufu isitoke, na ndiyo inayoinywa harufu hiyo. Mafuta ya manukato yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Yale ya maganda ya chungwa, kwa mfano, huyeyusha polistirini, lile povu jeupe la vyombo vya chipsi, kama sukari kwenye chai. Mfuniko wa plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ambao ni mzuri sana kwa boksi la pini, huweza kupata ukungu au nyufa ukiwekwa juu ya mshumaa wa machungwa kwa mwezi mmoja. Jaribio lake ni tone moja la mafuta kwenye mfuniko mmoja, na siku tatu za subira.

Kioo kina mashabiki wake wa kudumu, na shabiki mkubwa ni biashara iliyoanza kwa bahati. Mwaka 1969, huko South Hadley katika jimbo la Massachusetts, kijana wa miaka 16 aliyeitwa Michael Kittredge alikosa pesa za kumnunulia mama yake zawadi ya Krismasi. Akayeyusha kalamu za nta za rangi, akamtengenezea mshumaa. Jirani akauona na kutaka kununua. Kuanzia hapo ikazaliwa kampuni ya Yankee Candle, ambayo alama yake ikaja kuwa chupa nene yenye mfuniko wa kioo wa kibonge, mfano wa chupa za maduka ya dawa ya zamani. Mfuniko huo hauna hesi. Unakaa kwa uzito wake, na kubana kwake kunategemea pete ndogo inayozunguka shingo yake.

Uzito huo unapendeza mkononi, lakini huingia kwenye gharama ya kusafirisha. Mshumaa unaotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa basi, kisha ukamalizia safari juu ya bodaboda, hugongwa mara nyingi kuliko boksi linavyokiri. Mfuniko wa kioo unaocheza juu ya chupa ya kioo hujivunja wenyewe. Ukisafirishwa, ufungwe kando ndani ya karatasi, au ukazwe kwa utepe juu ya chupa pamoja na kipande cha boksi katikati. Kwa duka la hoteli ambako mshumaa hutoka kwenye rafu moja kwa moja hadi kwenye begi la mgeni, hakuna mfuniko unaoheshimika zaidi.

Joto nalo husafiri. Nta nyingi za soya za kujaza chupa huyeyuka kwenye nyuzi joto 46 hadi 52, na ndani ya gari lililofungwa juani joto huweza kupita nyuzi 50. Buti likifunguliwa saa nane mchana, mishumaa iliyolazwa ubavu huwa imegeuka mafuta. Hapo mfuniko wa mbao huvuja, wa kioo hudondoka, na wa hesi wenye bitana nzuri hushikilia kila kitu ndani, ingawa nta itaganda ikiwa imelala upande na utambi umeinama. Mshumaa huo hauuziki kwa bei kamili. Lakini nguo za mteja zimepona.

Halafu kuna moto wenyewe, na hapa watu hugawanyika. Je, mfuniko uzime mshumaa? Mpishi yeyote anajua kikaango cha mafuta kikishika moto hakimwagiwi maji, hufunikwa. Nta ya moto ni mafuta, na maji yakiingia humo huruka na kuunguza. Mwanasayansi Michael Faraday, katika mihadhara yake ya Krismasi ya 1860 na 1861 kwa vijana jijini London, alitumia mshumaa mmoja kufundisha jinsi moto unavyoila hewa, na jambo lenyewe mtu anaweza kuliona jikoni kwake. Ukifunika mshumaa, mwali hauzimiki kwa sababu oksijeni imekwisha. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni, na mwali hufa ikishuka karibu asilimia 16. Ndiyo maana hufa haraka hivyo.

Mfuniko wa chuma usio na plastiki, au wa kioo, unaweza kufanya kazi hiyo. Moshi hubaki ndani badala ya kutapakaa chumbani, ingawa masizi hushika upande wa chini na harufu ya utambi uliochomeka huchanganyika na ile mteja aliyolipia. Wanaochukia hilo huchovya utambi kwenye nta iliyoyeyuka kwa kijiti cha chuma na kuusimamisha tena, kisha hufunika baadaye. Mbao, mianzi, koki na plastiki zikae mbali na mwali. Ncha ya moto wa mshumaa huunguza mbao kabla hewa haijapungua, na mfuniko wa mianzi ulioungua doa katikati hauna wa kuununua. Maneno "ondoa mfuniko kabla ya kuwasha, usizimie kwa mfuniko huu" yaandikwe kwenye lebo ya chini ya chupa, kwa herufi zinazosomeka na mtu asiyevaa miwani.

Kufunika mapema nako kuna kisa chake. Chupa ikiwa bado ya moto na mfuniko ukabana vizuri, hewa ya ndani hupoa, hupungua na kuufyonza mfuniko chini. Asubuhi haufunguki. Mteja hupiga simu akilalamika kwamba mfuniko "umegandishwa na gundi". Fundi anayejua humwambia auzungushe kidogo ubavuni, hewa iingie, nao utaachia. Anayejua zaidi alishamwambia asubiri nta iwe nyeupe tena kabla ya kufunika.

Koki ina nafasi ndogo. Hutokana na gome la mwaloni wa koki, ambao Ureno huchuna takriban kila miaka tisa na kutoa karibu nusu ya koki yote ya dunia. Hubana vizuri kwenye mdomo mwembamba. Kwenye mdomo wa sentimita saba hukatika vipande, na punje zake huangukia kwenye nta.

Gilasi zisizo na hesi hazidai makubwa. Kisahani cha karatasi ngumu kilichokatwa kwa saizi ya mdomo huzuia vumbi kwa senti chache, na huweza kubeba jina, harufu na maelekezo. Hakizuii harufu, na hakijidai kuizuia. Watu wa pwani wana ndugu yake wa zamani: kawa, lile pambo la ukili linalofunika sinia la chakula. Kawa haikubuniwa kuzuia harufu ya pilau, maana harufu ndiyo inayowaita wageni. Ilibuniwa kwa ajili ya nzi. Kawa ndogo ya ukili juu ya gilasi ya mshumaa wa mchaichai ingefanya kazi ile ile, na mgeni angeibeba kama ukumbusho, mradi mshumaa uuzwe ndani ya boksi linaloshika harufu, na kawa itolewe kabla ya kiberiti kuwashwa. Ukili hushika moto mara moja.

Chupa zilizotumika ni habari nyingine. Chupa ya achari huoshwa na maji ya moto, sabuni, hata magadi, ikang'aa. Mfuniko wake haung'ai hivyo. Bitana ya plastiki iliyokaa na siki, pilipili na embe kwa mwaka mzima haisahau, na wahenga walishasema chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba. Mshumaa wa asumini ukifunikwa kwa mfuniko huo hufunguliwa na kutoa harufu ya asumini aliyepita gengeni. Chupa itumike, mfuniko utupwe, ununuliwe mpya wa meno wenye saizi ile ile.

Anayeanza kidogo, hasa karibu na bahari, hatajuta akichukua mfuniko wa alumini wa hesi wenye bitana ya povu. Hauna umaridadi wa mbao, lakini unaweza kupakwa rangi au kuvishwa kitambaa cha kanga chini ya utepe, na harufu haitoki. Mbao zingoje mpaka fundi awe na chupa moja anayoinunua kila mwezi kwa muuzaji mmoja, maana mfuniko wa mbao huchongwa kwa mdomo wa chupa fulani, na kiwanda kikibadilisha chupa kwa nusu milimita, mifuniko mia mbili inabaki kuwa visahani vya kuwekea vikombe.

Kabla ya kuagiza chochote kwa wingi, lipo jaribio la bei nafuu. Mishumaa mitatu ya mkupuo mmoja, mifuniko mitatu tofauti, wiki mbili kabatini. Mtu wa tatu, asiyejua upi ni upi, afungue na kunusa mifuniko kwanza, mishumaa baadaye. Kisha kila chupa ilazwe ubavu usiku mzima juu ya karatasi nyeupe. Doa la mafuta asubuhi lina jibu zuri kuliko la mwenye duka.

Na mshumaa ukiisha, chupa hubaki. Watu hukwangua nta ya mwisho kwa maji ya uvuguvugu, huosha, na kuiweka juu ya cherehani ikiwa na vifungo, pini na sindano. Chakula hakiwekwi humo, kwa sababu bitana imekunywa manukato na itayarudisha kwenye sukari. Lakini vifungo havijali. Mshonaji akifungua kutafuta kifungo cha shati la shule, harufu ya mchaichai hutoka kwa mbali chini ya mfuniko, miezi sita baada ya mshumaa kuzimwa.